Mhariri, jiwe la chokaa linakopa hewa ukaa, haliili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama itakuwa ndefu kata tu ila usiguse sehemu ya hesabu maana ndo barua yenyewe hiyo. Mi ni mwalimu wa kemia sekondari huku Uvinza, kwetu ni Tabora lakini Kigoma nimeshakuwa mwenyeji, mgebuka na mawese wala siambiwi. Gazeti lenu lilitoa makala kwamba mkoa wa Kigoma umekalia utajiri, kwamba yale mawe ya chokaa ya kuanzia Ilagala na kuendelea yanakula hewa ukaa kila mvua inaponyesha na kwa hiyo vijiji vijiandae kulipwa hela ya kaboni kama wenzetu wa Wilaya ya Tanganyika kule Katavi wanavyolipwa kwa misitu ya Ntakata. Toka hapo huku mtaani ni stori hiyo hiyo, kwenye bodaboda, kwenye kahawa, hadi kuna mzee kaniuliza kilima chake chenye mawe meupe akiandikishe kwa jina lake au la mjukuu. Nilicheka alafu nikaona sio la kucheka, maana akitokea dalali mwenye laptopu na fomu za kusaini huyu mzee anasaini mchana kweupe.

Makala yenu ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndo yenye hela.

Nianze na ile ya kweli. Ni kweli jiwe la chokaa linalika na maji, na ni kweli likiwa linalika linachukua hewa ukaa. Mvua yenyewe inashuka na hewa ukaa kidogo sana toka angani, hiyo peke yake haina ubavu. Kazi inafanyika kwenye udongo, kule mizizi inapumua na bakteria wanaozesha majani, hewa iliyobanwa kwenye vitundu vya udongo inakuwa na hewa ukaa mara kumi hadi mara mia kuliko hii tunayovuta sisi. Maji yakipita hapo yanaibeba, yanakuwa asidi dhaifu, ile ile inayochoma ulimi ukinywa soda, na asidi hiyo ndo inalilamba jiwe taratibu. Mapango ya Amboni kule Tanga yalichimbwa hivyo hivyo, hamna mtu aliyeshika sururu. Kinachotoka hapo ni kalsiamu na kitu kinaitwa bikaboneti, vyote havionekani, maji yanabaki meupe kabisa na yanateremka mtoni.

Sasa hapa ndo makala ilipopita mbio. Kwenye kila bikaboneti mbili zinazoingia mtoni, kaboni ya moja imetoka hewani kupitia udongo na ya nyingine imetoka kwenye jiwe lenyewe. Jiwe safi la chokaa kilo 100 likiyeyuka lote linakuwa limechukua hewa ukaa kilo 44. Vizuri. Lakini kalsiamu ile haikai majini milele, siku moja inageuka tena kuwa chokaa, iwe kwenye kombe la konokono, iwe kwenye matumbawe ya baharini, iwe ganda kwenye mwamba, na siku hiyo kilo 44 zile zile zinarudi hewani, pungufu hamna. Huo ni mkopo bana. Unaweza ukawa mkopo wa muda mrefu, maana ikifika baharini bikaboneti inaweza kukaa maelfu na maelfu ya miaka, ila ni mkopo, na anayewaambia wanakijiji kwamba ni akiba anawadanganya.

Na hamna haja ya kwenda baharini kuliona hilo, nenda jikoni. Huku kwetu kuna nyumba zinatumia maji ya chemchemi zinazotoka kwenye mawe ya chokaa, birika la chai baada ya muda linajaa ukoko mweupe ndani, mgumu, unaukwangua kwa kijiko hautoki. Ile ndo bikaboneti imechemshwa: hewa ukaa imeondoka na mvuke, chokaa imebaki chini. Kamulia ndimu juu ya ule ukoko uone unavyotoa povu, lile povu ni hewa ukaa iliyokuwa jiwe. Nilipokuwa mdogo Tabora, enzi hizo maji ya Ziwa Victoria hayajafika, tulikuwa tunakunywa ya bwawa, na birika la mama lilikuwa jeusi kwa moshi nje lakini ndani safi, sabuni nayo ilikuwa inatoa povu mpaka basi. Huku kuna maji unafulia shati moja kipande cha sabuni kinaisha. Tofauti ni mawe. Tabora tumekaa juu ya granaiti, Kigoma kuna chokaa na dolomaiti, yaani ndugu yake chokaa mwenye magnesiamu, na kidato cha tatu tunaifundisha kabisa hii kwa jina la ugumu wa maji, sema watoto wanaikariri kwa ajili ya mtihani alafu wakifika nyumbani wanamlaumu fundi bomba.

Kuna jambo lingine ambalo makala haikuligusa hata kidogo na ndo linanikera zaidi. Mlisema bikaboneti ya mto Malagarasi inaenda baharini. Inaenda kwa njia gani? Malagarasi inamwaga Ziwa Tanganyika, pale kwenye delta chini ya Ilagala, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo pale Kalemie. Tena huo mlango una historia yake, Cameron, mpelelezi wa Kizungu, aliupata mwaka 1874, mpelelezi mwenzake Stanley akafika 1876 akaukuta umezibwa na matope na mafunjo, maji karibu hayaendi popote, miaka michache baadaye Hore, yule mmisionari aliyekaa Ujiji, akaenda akakuta maji yanatoka kwa nguvu. Yaani ziwa lilikuwa limefunga, likajaa likajitoboa. Na hata leo ikiwa wazi, sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa haitoki kwa Lukuga, inapaa kwa mvuke wa jua. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Ndo maana maji ya ziwa yana pH karibu 9, yaani yako upande wa magadi sio wa asidi, na kalsiamu inayoingia haikai, inaganda hapa hapa. Pita ufukwe wowote wenye miamba wakati maji yameshuka uangalie, utaona jiwe limevaa ganda la kijivu cheupe, hilo ni chokaa. Kuna sehemu ziwani mna stromatolaiti kabisa, mawe yanayojengwa na vijidudu tabaka kwa tabaka, wanasayansi waliyaandikia kwenye miaka ya 1980. Na makombe ya konokono yaliyolala chini huko kwa mamilioni, yale ambayo samaki wadogo wameyafanya nyumba, nayo ni chokaa. Kwa hiyo mkopo wetu wa Kigoma sehemu yake hausubiri Bahari ya Atlantiki, unarudishwa hapo hapo Kigoma mbele ya macho yetu.

Ila niwe mkweli, ziwa lenyewe ni gumu kulihesabu. Lina kina cha mita 1,470, kule chini kabisa hamna oksijeni na maji ya chini na ya juu hayachanganyiki kirahisi, na sehemu kubwa ya chumvi zake haitoki Malagarasi hata kidogo, inaletwa na mto Ruzizi toka Ziwa Kivu kwenye volkano. Sasa ukichota maji ya ziwa ukasema hii bikaboneti yote ni ya mawe ya Ilagala umepotea njia.

Alafu kuna tanuri. Wachoma chokaa nawaheshimu, ni kazi ngumu, moshi, vumbi, macho mekundu. Lakini hebu tuangalie. Jiwe lile lile kilo 100, ukilichoma kwenye joto la digrii 900 hivi unatoa chokaa kilo 56, na kilo 44 zimeenda hewani, hapo hujaweka kuni. Mnaiona ile 44 imerudi? Ndo hiyo hiyo. Ukizima ile chokaa kwa maji inachemka yenyewe bila moto, ukaipaka ukutani inakuwa inanyonya hewa ukaa polepole hadi inakuwa jiwe tena, ndo maana ukuta wa zamani uliopakwa chokaa ni mgumu hivyo. Kwa hiyo ya jiwe inaweza kurudi ukutani, ya kuni hairudi labda uoteshe miti mingine. Kijiji hicho hicho kikiambiwa kitalipwa kwa mawe kuyeyuka huku tanuri tatu zinawaka nyuma ya shule sijui mkaguzi ataandika nini kwenye fomu yake.

Na wakulima pia. Udongo wa Kasulu na Kibondo sehemu nyingi una asidi, mabwana shamba wanashauri chokaa ya kilimo na wana haki, mahindi yanakubali na maharage yanakubali, msije mkasema mwalimu kapinga chokaa. Ila udongo ukiwa na asidi inayotokana na mbolea za naitrojeni, ile chokaa haiyeyushwi na hewa ukaa, inayeyushwa na asidi ya mbolea, na hapo badala ya kuchukua inatoa. Kamati ya kimataifa ya mabadiliko ya tabianchi, IPCC, kwenye mwongozo wake wa 2006 inahesabu tani moja ya mawe ya chokaa iliyowekwa shambani kama tani 0.12 za kaboni iliyoenda hewani, yaani kilo 440 za hewa ukaa ukijumlisha oksijeni iliyoungana nayo. Tena ile 44.

Sasa mtaniuliza, kwani hamna jiwe linaloweka akiba? Lipo. Mawe ya silikati, yenye kalsiamu na magnesiamu bila kuwa na kaboni ndani yake. Hayo yakilika, kaboni yote ya bikaboneti imetoka hewani, hamna ya jiwe, na mwisho wa safari ikigeuka chokaa inarudi nusu na nusu inazikwa kabisa. Hii ndo imekuwa ikishikilia joto la dunia lisipande wala kushuka sana kwa mamilioni ya miaka, mwanasayansi Walker na wenzake wawili waliieleza vizuri mwaka 1981: dunia ikipata joto mvua inaongezeka, mawe yanalika haraka, hewa ukaa inapungua, joto linashuka. Granaiti ya kwetu Tabora ni silikati, lakini msianze tena kuandikisha vilima, inalika kwa uvivu mno na kalsiamu yake ni kidogo, sodiamu na potasiamu ndo nyingi. Jiwe lenye kasi ni basalti, lile jeusi la volkano. Basalti iko chini ya asilimia 5 ya nchi kavu yote lakini inabeba karibu theluthi moja ya hewa ukaa inayochukuliwa na silikati duniani.

Na hii ndo nilitegemea mwandishi wenu aiandike: Kigoma tunayo. Wajiolojia waliyapa mawe ya huku majina ya huku huku, kuna dolomaiti ya Ilagala, kuna mawe mekundu ya Manyovu, na kuna lava za Gagwe, lava ya basalti iliyomwagika karibu miaka milioni 800 iliyopita. Mmeandika ukurasa mzima kuhusu chokaa mkaacha lava! Mwezi wa nne 2025 tuzo ya XPRIZE, ya mashindano ya kuondoa hewa ukaa angani, ya dola milioni 50 ilienda kwa Mati Carbon, watu wanaosaga basalti ikawa unga na kuimwaga kwenye mashamba ya wakulima wadogo India. Basalti jamani, sio chokaa. Hata hiyo sio ya kuichukua kichwa kichwa, basalti nyingine zina nikeli na kromiamu, lazima zipimwe kabla hazijaingia shamba la mtu, na kusaga na kusafirisha kunakula dizeli, ukitoa jiwe Kasulu ukalipeleka Urambo kwa lori hesabu inabadilika.

Kuna wanaopinga haya ninayosema na nisipowataja nitakuwa sijatenda haki. Wanasayansi Liu Zaihua wa China na Dreybrodt wa Ujerumani wameandika kwamba mawe ya chokaa yasidharauliwe, kwa sababu yanalika haraka sana kuliko silikati na kwa sababu mimea ya majini, mwani na magugu, inachukua ile bikaboneti inaitengenezea miili yake, ikifa inazama na kufukiwa kwenye matope, na hiyo iliyofukiwa hairudi haraka. Ni hoja ya maana na kwa ziwa kama letu, lenye kina na matope yasiyo na oksijeni, inaweza kuwa na uzito wake. Lakini angalia vizuri, hapo kinachoweka akiba sio jiwe, ni mwani na matope ya ziwani. Kijiji chenye kilima hakiwezi kwenda kudai malipo ya matope yaliyoko kilomita moja chini ya maji.

Na ukubwa wenyewe tuujue. Mtafiti Gaillardet na wenzake mwaka 1999 walikusanya takwimu za mito mikubwa 60 ya dunia wakapata kwamba mawe yote, chokaa na silikati, yanachukua kama tani bilioni 0.29 za kaboni kwa mwaka, karibu nusu kwa nusu. Sisi binadamu kwa mafuta na makaa ya mawe tunatoa zaidi ya tani bilioni 10 kwa mwaka. Yaani mawe ya dunia nzima hayafiki hata asilimia 3 ya tunachochoma. Alafu mito yenyewe sio bomba la kupitisha tu. Malagarasi kabla haijafika Uvinza imeshapita kwenye mabwawa makubwa, Moyowosi na wenzake, ile ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoandikishwa kwenye mkataba wa kimataifa wa ardhioevu, Ramsar, mwaka 2000, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 32,000 lenye matete na mafunjo yanayooza ndani yake. Maji yakitoka humo yana hewa ukaa nyingi na yanaipumua kurudi hewani njiani. Raymond na wenzake mwaka 2013 waliweka mito na maziwa ya dunia kwenye tani bilioni 2.1 za kaboni kwa mwaka, ya kutoka kwenda hewani hiyo. Linganisha na ile 0.29 ya mawe.

Kwa hiyo wenzetu wa Ntakata wasichanganywe na hii habari. Wale wanalipwa kwa msitu kutokatwa, kaboni iko kwenye mti, unaupima kwa futi kamba shinani, unaujua. Mawe ya chokaa yatalika ukiwa umesaini fomu au hujasaini, yalikuwa yanalika kabla ya babu zetu, sasa unamlipa nani kwa kazi gani?

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba badala ya makala nyingine ya utajiri ulioko chini ya miguu yetu, muulizie namba za maji. Hii sio teknolojia ya mwezini. Unachota maji pale Daraja la Kikwete na pale pantoni ya Ilagala, masika na kiangazi, maana masika maji ni mengi na yamezimuliwa, kiangazi ni machache na mazito, ukichota mara moja tu kwa mwaka umejidanganya. Unapima bikaboneti, kalsiamu, magnesiamu na silika, unazidisha na wingi wa maji yanayopita. Silika inakuonyesha mchango wa granaiti na lava, kalsiamu na magnesiamu vinakuonyesha chokaa na dolomaiti. Mwenye maabara kubwa anaweza kupima na kaboni nzito na nyepesi ajue ipi ya jiwe ipi ya udongo, ingawa huku kwenye mahindi na nyasi awe makini, maana kaboni ya mahindi ina uzito tofauti na ya miti ya miyombo na inaweza kumfanya adhani ni jiwe. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ofisi zake ziko hapa hapa Kigoma, TAFIRI, wale wa utafiti wa uvuvi, nao wapo, mwandishi wenu akipanda bajaji ni nusu saa.

Kazi ya bikaboneti hata shule inaweza. Mwaka huu nimewafanyisha vijana, chupa moja maji ya mvua ya kwenye bati, nyingine maji ya chemchemi ya kule juu kwenye mawe meupe, kila moja tone la methili oranji, rangi inayogeuka ikikutana na asidi, alafu asidi hidrokloriki kidogo kidogo kwa byureti, ule mrija wa kupimia. Maji ya mvua yaligeuka toka njano kwenda wekundu karibu pale pale, ya chemchemi tulimwaga asidi hadi binti mmoja akauliza mwalimu hii asidi si imeisha nguvu? Haikuisha nguvu, ilikuwa inalipia jiwe.

Tukipata chupa zenye vifuniko vya kubana na mtu wa kutupa kipimo cha wingi wa maji pale darajani, wanafunzi wangu wanaanza mvua za mwanzo. Methili oranji tunayo ya kutosha.

Wako,
Mwalimu wa Kemia
Uvinza, Kigoma